Kulaza Impreza Arusha: anza na tuta, malizia na alaimenti

Springi za gari langu zilikatwa kwa grenda nikiwa nimesimama pembeni, na fedha nikalipa mwenyewe. Ilikuwa jioni, gereji moja ya mjini, fundi ameshika chaki ananiuliza, "Bosi, tutoe raundi moja au moja na nusu?" Nikajibu moja na nusu, kwa wepesi wa mtu anayeagiza chipsi mayai. Gari lilipotoka lilikuwa limelala hadi vijana wa bodaboda wakapiga miluzi. Kufika Tengeru, tuta la kwanza tu, springi ya nyuma kushoto ikahama kwenye kikalio chake. Kuanzia hapo hadi Usa River nilikuwa naendesha kabati la vyombo.

Tangu siku hiyo nimeshusha Impreza mbili kwa utaratibu, yangu na ya binamu yangu wa Moshi, na zote zinapanda Marangu kila Desemba bila kuacha egzosi njiani. Nitakayoeleza yametoka kwenye magari hayo mawili. Yanahusu Subaru Impreza WRX za umbo la GD, zilizotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2007: injini ya boksa yenye turbo, tairi zote nne zinavuta, na kila kona ya gari imebebwa na strati, yaani shokapu na springi vikiwa kitu kimoja kilichosimama wima. Mwenye Toyota Altezza ana amu mbili, yaani mikono ya chuma inayounganisha tairi na bodi, ya juu na ya chini. Kwake sehemu ya kupima, kukagua na alaimenti (kupanga pembe za tairi) itafaa, ila ufungaji una mpangilio mwingine.

Kulaza gari na kulifanya lishike kona ni kazi mbili. Kwa sentimita mbili hadi tatu za mwanzo zinakwenda njia moja, baada ya hapo zinagombana, na ukiendelea kushusha unalipia gari lizidi kuwa baya. Sababu yake nitaifikia tukianza kuzungumza springi.

1. Pima tuta kabla ya kupima gari

Wengi huanza na picha ya gari la Japani lililolala juu ya lami kama kioo. Wewe anza na tuta baya kuliko yote kwenye njia yako ya kila siku. Matuta ya barabara kuu ni mapana, gari linapanda na kushuka nayo. Yanayoua ni yale ya mitaani yaliyomwagwa na wananchi wenyewe kwa zege na mawe: membamba, yenye mgongo mkali, na hakuna mawili yanayofanana. Langu liko njia ya Moshono.

Chukua ubao ulionyooka na pima maji. Weka ubao juu ya mgongo wa tuta, uwe sawa, kisha pima kwa tepu kutoka chini ya ubao hadi kwenye barabara. Andika. Halafu tafuta sehemu ya chini kabisa ya gari iliyo kati ya tairi za mbele na za nyuma. Mara nyingi ni egzosi au maungio yake. Umbali kati ya ekseli mbili za Impreza hii ni milimita 2,525, kwa hiyo tairi za mbele zikishavuka tuta jembamba, tuta zima linakaa chini ya tumbo la gari likisubiri. Pima pia chini ya bampa la mbele, ingawa hilo likiparua kidogo unaweza kuvumilia. Egzosi ikikatika huwezi.

Pima gari likiwa na mzigo. Huku kwetu gari halijapimwa mpaka lipimwe na watu wanne, mabegi, na mkungu wa mchare kwenye buti. Mimi niliwaita majirani watatu wakakaa ndani, nikajaza buti magunia mawili ya mchanga, nikapiga magoti na tepu huku wakinicheka. Tumbo lilikuwa milimita 125 kutoka chini. Tuta la Moshono lina 80. Zikabaki 45, nikaacha 20 za kudunda kwa springi, mkononi nikawa na 25. Gari langu limeshuka milimita 25 kwa hesabu hiyo, si kwa sababu katalogi ilisema hivyo.

Kabla hujagusa spana, chukua vipimo vya pili: kutoka katikati ya kofia ya rimu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyo sawa. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Na usipimie sheli, sakafu nyingi za sheli zina mteremko wa kutolea maji.

2. Kilichochoka kwanza

Gari la 2003 limeshapita miaka ishirini. Mpira wake umeshakuwa biskuti. Ukifunga springi mpya juu ya bushi zilizokufa, yaani ile mipira ya kwenye maungio, utapata gari gumu linaloyumba, na utailaumu springi bure.

Inua gari, lisimame kwenye stendi. Shika tairi juu na chini, litikise. Kisha lishike kushoto na kulia, litikise tena. Likicheza juu na chini, mtuhumiwa ni beringi au boljointi, kiungo cha goroli kwenye ncha ya amu. Mwambie mtu akanyage breki huku wewe unatikisa: mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki angalia boljointi. Likicheza kushoto na kulia tu, tazama tairodi endi, ncha ya ile fito inayogeuza tairi, halafu raki ya usukani. Kelele ya tak tak ukipita juu ya rasta kwa mwendo mdogo mara nyingi ni stabilaiza linki, vijiti vinavyoshika stabilaiza, ile fito inayopunguza bodi kulala kwenye kona, na hizo ni spea za bei ndogo ambazo watu huziogopa bila sababu.

Bushi zikague kwa mtaimbo mdogo. Ingiza ncha, sukuma taratibu, tazama kama mpira umepasuka au umeachana na chuma. Kwenye Impreza mchunguze sana ule bushi mkubwa wa nyuma ya amu ya chini ya mbele. Huo ukichoka, gari linatanga ukikanyaga breki, na wengi hukimbilia kubadilisha diski.

Utaulizwa kama unataka mpira au poliyurethani, zile za rangi nyekundu au njano. Poliyurethani ni ngumu na haichoki upesi, lakini vumbi letu la udongo wa volkano ni laini kama unga. Linaingia, grisi inakauka, na ndani ya miezi michache gari linalia kama kitanda cha chuma. Mimi naweka mpira mpya wa kiwandani kwenye amu zote, na poliyurethani kwenye bushi za stabilaiza peke yake, kwa sababu hizo unaweza kuzifungua na kuzipaka grisi kwa nusu saa.

Tairi nazo. Tairi za mtumba zimejaa mjini, na nyingine zina kashata nzuri lakini ni ngumu kama kandambili iliyosahaulika juani. Ubavuni kuna herufi DOT zikifuatwa na namba. Nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikizidi miaka sita usiziwekee springi za kona. Hakuna shokapu ya bei yoyote itakayoipa tairi iliyokauka uwezo wa kushika lami.

3. Uchague nini

Kukata springi nimeshakueleza kulinifikisha wapi, lakini sababu zake zijulikane, maana kuna fundi kila kona atakayekwambia ni sawa tu. Ugumu wa springi unategemea raundi zinazofanya kazi. Yenye raundi sita ukiitoa moja, inakuwa ngumu zaidi kwa moja ya tano, yaani asilimia 20, wakati shokapu ni ileile iliyopangiwa ugumu wa zamani. Haiwezi kuituliza. Tena mwisho wa springi umekunjwa kiwandani ulingane na kikalio chake, ukiukata hakuna kilichobaki kukalia. Na springi ikiwa fupi mno, gari likiinuka juu ya tuta springi inalegea na kuhama, kama yangu. Kuna wanaozichoma kwa gesi ili zilale. Huo ni uuaji, maana chuma cha springi kikipata moto wa namna hiyo kinapoteza ule uimara kilichopewa kiwandani.

Njia ninayoipendekeza kwa gari linaloishi Arusha ni springi fupi za kutengenezwa, zinazoshusha milimita 20 hadi 30, zikifungwa pamoja na shokapu mpya zinazolingana nazo. Springi mpya juu ya shokapu za zamani ni kutupa fedha.

Koilova ni strati yenye nyuzi za kupandisha na kushusha. Zinavutia kwa sababu unaweza kubadili mawazo. Kuna aina mbili. Ya kwanza unashusha kwa kuteremsha kikalio cha springi, na ukishusha sana springi inalegea au shokapu inakosa nafasi ya kusafiri. Ya pili ina kikonyo cha chini kinachozunguka, kwa hiyo unabadili urefu wa strati nzima bila kugusa springi. Ukinunua, nunua ya pili. Tazama pia ugumu ulioandikwa kwenye springi: kilo 8 kwa milimita maana yake kuibana milimita moja kunahitaji kilo 8. Hiyo ni ya uwanja wa mashindano. Kwa njia ya Njiro yenye viraka, tairi zitakuwa zinaruka juu ya lami badala ya kuikanyaga, na tairi iliyo hewani haikati kona. Tafuta ya kilo 4 au 5. Nyuzi zake zisafishwe kila baada ya masika, la sivyo matope yataziganda na ile faida ya kupandisha na kushusha itabaki kwenye risiti.

Shokapu za mtumba za STI, toleo kali zaidi la Impreza, nazo zipo madukani, na za umri uleule mara nyingi huingia kwenye WRX, ingawa pima matundu ya bolti kabla hujatoa pesa. Simamisha shokapu wima, bana fito yake hadi mwisho mara tano. Iende kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, bila sehemu tupu. Zungusha fito uone kama imepinda. Kucha yako ikinasa kwenye mkwaruzo wa fito, iache, sili yake itakufa upesi. Shokapu yenye unyevu wa mafuta usiipokee hata ukiambiwa "hiyo ni vumbi tu, kaka".

Sasa kwa nini nisishuke milimita 50 kama barabara ingeruhusu? Tazama amu ya chini ya mbele gari likiwa limesimama. Kwenye urefu wa kiwandani inateremka kutoka kwenye bodi kuelekea tairi. Pembe hiyo ndiyo inayoamua bodi inalalia nukta gani ikiwa kwenye kona. Ukishusha gari, uzito unashuka, na hilo ni jema. Lakini kwenye strati ile nukta inashuka haraka zaidi kuliko uzito wenyewe. Umbali kati yao unaongezeka, na umbali huo ndio wenzo unaoilaza bodi. Ukivuka kiasi, gari liko chini zaidi na bado linalala zaidi kwenye kona. Hapo watu wanarudi dukani kununua springi ngumu kufukuza ugonjwa waliojiletea. Tairodi nayo inakuwa na pembe isiyolingana na amu, kwa hiyo kila shimo linageuza tairi kidogo bila wewe kugusa usukani.

Kipimo cha macho ni rahisi: amu ikiwa sawa na ardhi, umefika mwisho. Ncha ya upande wa tairi ikiwa juu kuliko ya upande wa bodi, umepitiliza, pandisha.

4. Kufunga

Tenga siku nzima, usianze saa tisa alasiri. Unahitaji jeki, stendi nne, soketi na spana, spana ya toki, nyundo, mafuta ya kulegeza kutu, vibana springi viwili vizima, waya, na rangi ya kucha. Rangi ya kucha omba nyumbani, usieleze sana.

Usiku wa kuamkia kazi nyunyizia bolti zote mafuta. Magari yetu ya bara hayali kutu kama ya Tanga, lakini kuna yaliyotoka kaskazini ya Japani ambako hutia chumvi barabarani wakati wa theluji, na hayo bolti zake zina kiburi.

Gari liwe kwenye zege iliyo sawa, gia namba moja, hendibreki juu, vigingi kwenye tairi za upande usioinuliwa. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Inua, weka stendi kwenye sehemu za jeki za ubavuni, kisha lisukume gari kwa nguvu kabla mtu hajaingiza hata mkono chini. Likitikisika vibaya, shusha uanze upya. Tofali halishiki nafasi ya stendi, hata yakipangwa matatu, hata kama fundi wako amefanya hivyo tangu enzi za Peugeot 504.

Anza mbele. Toa tairi. Fungua kishikio cha hosi ya breki na cha waya wa ABS kwenye strati, ili visivutwe. Chini, strati imefungwa kwenye nako, kile chuma kinachobeba kitovu cha tairi, kwa bolti mbili. Ile ya juu si bolti ya kawaida: ina kichwa chenye mzingo usio wa katikati, na ukiizungusha inaegemeza tairi ndani au nje. Hiyo ndiyo kemba. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye kichwa chake na kwenye strati kabla ya kuigusa. Bila alama, gari litakwenda kwenye alaimenti likitembea kama kaa.

Funga nako kwa waya kwenye kitu imara ili isidondoke nje na kuvuta drafshafti. Toa bolti mbili za chini. Mwisho kabisa, mtu akiwa ameishika strati, fungua nati tatu ndogo za juu chini ya boneti. Nati kubwa ya katikati usiiguse. Hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ukiifungua hivihivi, maunti, yaani kishikio cha juu cha strati, itakuja usoni kwako.

Kuibana springi ndiko watu wanakoumia. Vibana viwili vikae pande zinazotazamana, vishike raundi nyingi kadiri inavyowezekana, na uvikaze kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule. Springi ikianza kupinda kama ndizi, simama, legeza, panga upya. Usikae mbele ya ncha zake. Nimeona springi iliyobanwa kwa waya wa kufungia nondo. Aliyeifunga bado ana vidole vyote kwa rehema za Mungu tu. Kama huna vibana vizuri, toa strati nzima uipeleke gereji yenye mashine ya kubania. Si aibu.

Springi ikiwa imelegea kwenye maunti, fungua nati ya katikati. Sasa badilisha maunti, mpira wa kuzuia vumbi na bampa stopa, ile sponji ngumu inayozuia shokapu isigonge chuma kwa chuma. Wengi huacha bampa stopa za zamani zilizomomonyoka. Gari lililoshushwa linaifikia bampa stopa mapema zaidi, na ikiwa mbovu, katikati ya kona tairi moja inakuwa ngumu ghafla na kuachia lami. Usiikate ufupishe isipokuwa mtengenezaji wa springi ameagiza.

Funga springi mpya, mwisho wake uegemee ngazi ya kikalio, usipishane hata kidole. Nati ya katikati ikaze kwa spana ya mkono. Mashine ya upepo inazungusha fito ndani ya sili, na shokapu mpya inaanza kuvuja ikiwa na wiki moja.

Rudisha strati kwa mpangilio wa kinyume. Nati tatu za juu ni ndogo, zinataka Nm 20 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza, kinasomwa kwenye spana ya toki). Zimekatwa nyingi na vijana wenye mikono ya kubebea saruji. Bolti mbili za nako ni kinyume chake, zinataka zaidi ya Nm 150, kwa hiyo tumia spana ndefu na namba kamili ya kitabu cha gari lako. Kichwa cha ile bolti ya mzingo kirudi kwenye alama ya rangi ya kucha. Hosi ya breki isijisokote. Geuza usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho ukiitazama.

Nyuma ni kazi ileile, tofauti ni kwamba kwenye sedani lazima utoe kiti cha nyuma ili ufikie nati za juu. Ukikitoa utakuta sarafu, karanga, na pengine barua ya Kijapani ya mwenye gari wa kwanza.

Kuna hatua mafundi wengi huiruka, nami huisimamia mwenyewe. Bushi za amu zimeshikwa na bolti pande zote mbili, na mpira wake hujipinda kila amu ikipanda au kushuka. Ukizikaza wakati tairi zinaning'inia, gari likishushwa mpira unabaki umesokotwa muda wote na unapasuka mapema. Kwa hiyo bolti za amu za mbele na za linki za nyuma, zinazofanya kazi ya amu huko, zilegezwe, gari lishushwe likanyage chini, lisukumwe mbele na nyuma, kisha zikazwe likiwa limebeba uzito wake. Shimo la gereji ndilo linalofaa kazi hii. Fanya hivyo hata kama hukubadilisha bushi, maana urefu umebadilika.

5. Stabilaiza ya nyuma

WRX ina tabia ya kukataa kona: unakata usukani, pua inakwenda mbele. Stabilaiza nene ya nyuma inapunguza hilo kuliko kitu kingine chochote cha bei hiyo. Ugumu wa fito hupanda kwa unene ukizidishwa wenyewe mara nne, kwa hiyo kutoka milimita 20 kwenda 22 unaongeza ugumu kwa asilimia 46. Milimita mbili tu! Usirukie 25 kwa tamaa. Barabara ya kupanda Machame ikiloa na matope ya trekta yakiwa kwenye kona, mkia mwepesi si rafiki yako. Mbele niliacha ya kiwandani.

6. Alaimenti

Gari likishushwa bila alaimenti linakula tairi mpya ndani ya wiki chache, na linakula upande wa ndani ambao huuoni mpaka waya zitokeze. Liendeshe kwanza siku mbili tatu taratibu ili springi zikae, kisha nenda kwenye mashine ya kompyuta. Kabla hujaingia, jaza upepo sawasawa, tanki nusu, toa mizigo kwenye buti.

Usiridhike na "bosi, iko kijani". Kijani ni uwanja mpana wa kiwandani. Omba karatasi ya kabla na ya baada. Ninazotumia mimi kwa gari la mjini na safari: kemba ya mbele hasi digrii 1 hadi 1.5, kushoto na kulia zilingane. Nyuma karibu na hapohapo. Too, yaani jinsi pua za tairi zinavyoelekea ndani au nje ukizitazama kutoka juu, ya mbele iwe sifuri. Too ya nyuma sifuri au ndani kidogo tu. Kati ya kemba na too, inayomaliza tairi haraka ni too, kwa sababu inaliburuza ubavu muda wote hata ukienda moja kwa moja. Too ya nyuma inarekebishika kwenye Impreza hii kwa bolti za mzingo za linki. Nimeshajibiwa "nyuma hairekebishwi" na mtu aliyekuwa amezisimamia.

Ukitoka hapo rekebisha taa. Pua na mkia visiposhuka sawa, mwanga unahama, na madereva wa malori ya Holili watakufundisha adabu kwa full. Kama una bima kubwa, wajulishe mabadiliko kwa maandishi.

7. Kulijaribu

Nenda asubuhi kwenye bypass, ile ya kilomita 42 kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, ndani ya mwendo ulioandikwa. Sikiliza kwanza, usikimbize. Kelele moja nzito kwenye kila shimo ni nati ya juu iliyolegea au maunti iliyokaa vibaya. Ukiachia usukani kidogo gari likavuta upande, rudi kwenye mashine. Pita juu ya mawimbi ya lami: gari linapaswa kuinuka mara moja, kushuka na kutulia. Likiendelea kudunda mara mbili tatu, shokapu haziwezi hizo springi. Halafu pita tuta lako la Moshono na watu wanne ndani.

Baada ya kilomita 100 pitia nati za tairi na bolti za nako kwa spana ya toki. Baada ya 500 pima tena kutoka kofia ya rimu hadi fenda. Springi mpya hushuka milimita chache zaidi, na kona zikitofautiana kwa zaidi ya tano, kuna moja haikukaa kwenye ngazi yake.

Vipimo vyangu vyote nimeviandika kwa kalamu nyeupe upande wa ndani wa boneti: urefu wa kona nne, kemba, too, tarehe. Binamu yangu aliandika vyake kwenye simu, simu ikaibwa stendi ya Moshi, na Desemba iliyopita tulikuwa barazani kwa bibi, magoti kwenye udongo mwekundu, tunapima upya gari lililojaa ndizi.